Mama Mgonjwa Sana, Njoo Upesi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na tangu niwe mwalimu zimezidi. Mnijue hivyo kabla sijaendelea, maana haya yote yalitokea kwa sababu nilijiona najua.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, mwaka 1956, nilikuwa darasa la saba pale Mbeya nafundisha Kiingereza. Somo lilikuwa vinyume. Niliandika ubaoni "told", yaani alimwambia, nikataka waniletee vinyume vyake kadiri wawezavyo. Wakaleta: alificha, alinyamaza, alidanganya. Asukile, kijana wa Tukuyu asiyependa kusema, akasimama akanijibu kwamba kinyume chake ni hakusadiki. Nilimcheka mbele ya wenzake. Nikamwambia anayeambia ni mmoja na asiyesadiki ni mwingine, kaa chini, hujaelewa swali.

Hajakaa vizuri, mtu wa posta akabisha mlangoni na karatasi ya simu, yaani telegramu. Ilitoka Iringa, kwa mdogo wangu Siwema anayeishi na mama. "Mama mgonjwa sana njoo upesi." Hayo tu. Nikakaa kitini, na wanafunzi wakajiondokea wenyewe, kengele haijapigwa.

Nieleze desturi yetu, kwa asiyeijua. Kwetu sisi watu wa mjini, ambao wazee wetu walipanda huku kutoka pwani, mtu aliye mbali haandikiwi kifo. Anaandikiwa ugonjwa, asije akaanguka njiani akaongeza msiba juu ya msiba. Akifika atawaona watu wamekaa jamvini, atajua. Mzazi akiumwa kweli utaletewa barua ya polepole, kifua kinambana, dawa hii imemkataa, salamu kwa wote. Simu haipigwi kwa ajili ya kifua.

Nami nilikwisha kuonja. Miaka saba nyuma, baba alipofariki, niliandikiwa maneno hayohayo, nikayaamini. Nilipanda malori matatu kwa siku mbili, nimepakata chupa ya asali ya Chunya ya kumlainishia kifua, nafika nakuta kaburi limekwisha kauka. Nilimfokea Siwema mbele ya waliokuja kutupa pole. Nikamwapisha kwa Mungu kwamba siku nyingine likitokea jambo aniambie kama lilivyo. Akaapa huku analia.

Kiapo kile, siku ile ya simu, hakikunijia kichwani hata kidogo. Wallahi nasema kweli. Kilichonijia ni ile chupa ya asali.

Nyumbani, mke wangu Mwantumu alipoisoma karatasi alianza kunipangia nguo sandukuni. Jirani yetu Mzee Matano, mfanyabiashara wa mchele, akaja kunipa pole. Akasema lori lake linatoka saa saba kwenda Ubaruku; litanishusha barabara kuu, hapo sitakosa gari, na kesho adhuhuri nitakuwa kwetu. Nikamuuliza niende kufanya nini. Sisi hatulazi maiti, alasiri ya leo watakuwa wamekwisha kuzika. Nitakaa matanga hapahapa na wanaonijua, kisha Ijumaa nipande basi nikazuru kaburi. Mzee akaafiki. Mtu mzima yule, na yeye hakuona kosa.

Mwantumu akaniita chumbani.

"Baba Mrisho, na kama ni mgonjwa kweli?"

Nilimkaripia mpaka jirani wakasikia. Nilimwambia asinichezee moyo, kwamba mara moja nimefanywa mjinga na inatosha. Alizitoa zile nguo sandukuni moja moja, akazirudisha msumarini.

Jumatano tulisoma khitma. Nyumba ilijaa, hata walimu wenzangu Wakristo walikuja wakakaa nje kwenye benchi. Mzee Matano alitoa mchele, ukapikwa pilau, ubani ukafukizwa. Nililia sana, lakini nililia kwa utulivu, na moyoni nikajisifu kwamba safari hii nimeupokea msiba kiutu uzima, bila kuhangaika barabarani kama mwendawazimu. Najichukia kila nikikumbuka jinsi nilivyojisifu.

Ijumaa nikapanda basi. Tope lilitukwamisha, tukalala njiani, na Jumamosi saa tano asubuhi nikaingia Iringa. Nje ya nyumba yetu turubai limetandwa, watu wamekaa jamvini, kama nilivyotarajia. Nikapeana nao mikono mmoja mmoja. Kisha nikaona jeneza la msikiti limeegemezwa ukutani, na majembe mawili yenye udongo mbichi. Nikauliza, kwa ukali wangu uleule, mbona mpaka leo vyombo vya msikiti havijarudishwa. Jirani mmoja wa mama akanitazama kwa huruma, akaniambia wamezika saa nne, ndiyo kwanza wamerudi makaburini.

Nikakaa palepale chini, na kanzu yangu safi.

Siwema akatoka ndani. Hakuwa analia. "Nilikuandikia kweli, kaka," akasema. "Si uliniapisha mwenyewe?"

Ningenyamaza ingekuwa nafuu, lakini nilimuuliza mama alisema nini. Akanisimulia bila kunionea wala kunihurumia. Jumatatu mama alitaka kitanda kigeuzwe aelekee mlangoni. Jumanne alisema Yunusu, ndiye mimi, atakuja na malori ya mchele, muda wowote. Jumatano alikunywa uji nusu kikombe, akauliza basi la Mbeya linafika saa ngapi. Jumatano ile, saa ileile, sisi tulikuwa tunakula pilau ya khitma yake. Alhamisi aliwaambia wasinilaumu, barabara wakati wa masika ni mbaya. Jana Ijumaa jioni alikata roho, na mchana kutwa hakuwa ameuliza tena.

Kisha akaniuliza lile moja lililobaki.

"Ulikuwa wapi, kaka?"

Ningeweza kusema gari liliharibika Chimala, na kila mtu angenipa pole. Nilimwambia kama lilivyo. Nilimwambia siku zote hizo nilikuwa nyumbani kwangu, nimekaa matanga ya mama.

Hakusadiki. Alijifunika kanga usoni akarudi ndani, na mpaka leo anawaambia watu kwamba kaka yake alikuwa na jambo lake huko Mbeya, analificha.