Begi ya Nguo za Natasha

Nilitoka Nakuru na begi mbili, moja imejaa na nyingine tupu. Ile tupu ilikuwa ya nguo za Natasha. Nilikuwa naenda Japani kumrudisha mtoto wangu nyumbani, na sikuwa nimemwambia. Miaka minne anaosha wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee, peke yake, na kwenye simu ni "niko sawa mathe, niko sawa tu." Mtu aliye sawa hasemi mara mbili.

Siku ya tatu akanipeleka mtaa wa zamani wa wafanyabiashara, mahali yeye husaidia kutembeza wageni kila Jumamosi. Nilidhani ni soko. Kumbe ni barabara moja nyembamba, maduka ya mbao nyeusi huku na huku, yametunzwa vile yalivyokuwa zamani, na hakuna anayeuza hata sukari. Lakini niliyapenda. Sisi maduka yetu ya mbao na mabati, yale ambamo baba alikuwa akininunulia viatu akipata mshahara wa reli, tumebomoa mengi tukajenga ghorofa.

Tukavua viatu, tukaingia duka lililokuwa la vitambaa. Ndani kulikuwa na nyanya mmoja, mwenye nyumba, mgongo umepinda, anafagia.

"Kaa hapo, mathe," Natasha akaniambia. "Wewe ni mgeni."

Mimi nikae, mtu wa rika la mama yangu afagie mbele yangu? Nilimwendea, nikauchukua ufagio mikononi mwake, nikainama nikaanza kazi, na soksi yangu ina tundu.

Natasha alishika kichwa. "Mathe, huku mgeni hafagii. Unamwaibisha."

Nikajua nimeharibu. Nyanya alinitazama, kisha akaketi, akafunika mdomo, akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu akaongea maneno mengi. Natasha alikuwa ameinamisha kichwa.

"Amesema nini?"

"Anasema siku ya kwanza nilipoingia hapa nilimnyang'anya ufagio hivyo hivyo. Mume wake alikuwa amekufa siku chache tu kabla. Anasema amengoja miaka mitatu kumwona aliyenifundisha. Na anasema usiwe na wasiwasi. Jumapili nakula kwake, na nikiugua yeye ndiye hunipikia uji."

Nililia, sitaficha. Hiyo miaka yote nikimwombea mtoto wangu apate mtu, na mtu alikuwa amepatikana. Nikamshika nyanya mikono yote miwili nikamwambia "orio", asante ya kwetu, kwa sababu Kiswahili hakikutosha.

Siku ya kuondoka nyanya akaja na vitambaa, majani chai na matunda yaliyokaushwa. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, kumbe hata kwao. Natasha akavuta begi kutoka chini ya kitanda.

"Mathe, hii ulikuja nayo tupu ya nini?"

"Ya zawadi," nikamwambia, nikapanga vitu vya nyanya ndani mpaka zipu ikakataa.