Maji Baridi kwa Korola ya Tabitha

Enzi zile za ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa, kila mwenye ubavu pale Arusha alijiletea gari la mtumba kutoka Japani, na Tabitha wa Ngarenaro hakutaka kupitwa. Korola yake nyeupe ilibeba maharusi, na ndiyo iliyomlisha. Diski za breki za mbele alikuwa ametoka tu kuzibadilisha. Zile za kwanza zilimwagiwa maji baridi zikiwa za moto, zikapinda, ikawa kila akigusa breki usukani unatetemeka mpaka meno yanagongana. Hizi mpya alizipata kwa mbinde. Zikipinda nazo, biashara kwisha.

Jumamosi ile kule Nkoaranga, wazee wa bibi harusi walisali sala ndefu, jamani, ndefu! Bibi harusi mwenyewe, Eunike, alipopanda garini, kengele ya kanisa la kule chini ilikuwa imeshalia. Tabitha akateremka mlima kama anafukuzwa. Aliweka gia ndogo ili injini ilizuie gari, lakini kona za migombani hazina huruma. Alikanyaga breki mpaka harufu ikaingia ndani.

"Dada, nini kinaungua?" Eunike akauliza.

"Haraka yako hiyo, mdogo wangu."

Kanisani akaona jambo lililomtoa jasho. Mashangazi wa bwana harusi wamejipanga na ndoo za maji ya mfereji, yale yanayoshuka Meru yakiwa baridi ya kuumiza vidole. Katika ukoo wao, bibi harusi hashuki kwenye gari lenye tope. Magurudumu huoshwa kwanza, na dereva akikataa amewatukana.

Tabitha hakusimama. Akapunga mkono, akawapita polepole ili upepo upooze diski.

"Anampeleka wapi mtoto wa watu?" akapiga kelele shangazi Kaanaeli.

Bwana harusi, Abdiel, akatoka mbio na suti yake, tai imerukia begani. "Tabitha! Huyo mke wangu!"

"Breki za moto, shemeji! Wakizimwagia maji zinapinda. Niache nizunguke zipoe!"

Abdiel, Mungu ambariki, hakubishana. Akatangulia mbele ya gari akicheza, akawaita shangazi zake. Wao wakadhani ndiyo mtindo mpya wa mjini, wakaingia nyuma yake na ndoo zao kichwani, wapiga matarumbeta wa harusi wakadakia. Walizunguka uwanja wa kanisa mpaka mchungaji akatoka nje kuchungulia, naye bega likaanza kumcheza.

Hatimaye Tabitha akaliacha gari lisimame lenyewe kwenye kimwinuko, bila kugusa breki. Shangazi Kaanaeli akainua ndoo, akaimwaga yote kwenye gurudumu la mbele. Tabitha akatega sikio, roho mkononi. Maji yakachuruzika kimya, bila mlio wala mvuke. Akafungua mlango, akapiga kigelegele kumshinda mama mzazi wa bibi harusi.