Aliyegusa Msumeno Wangu

Mimi si mtu wa kushuku watu ovyo. Mke wangu akisikia hivyo hucheka mpaka ashike mbavu, lakini ndivyo nilivyo. Ila mtu akuchezee msumeno siku kumi na mbili mfululizo, nawe ukae kimya? Thubutu!

Ni msumeno wa meza, ule mdogo wenye miguu ya kukunja, leo unaubeba kwenda kwa mteja, kesho unarudi nao karakanani. Kwa vile unabebwabebwa, bledi yake hupenda kulala upande. Kwa hiyo kila jioni nachomoa plagi, napandisha bledi juu kabisa, kisha naiwekea guniya ubavuni, kile chuma cha kupimia pembe alichoniachia marehemu baba. Nuru isipopita katikati, nakaza. Na kila asubuhi nikipima tena, nuru hiyo inapita. Bledi imelala.

Nairekebisha huku nalaani, napasua mbao, naziunga kwa gundi ziwe milango ya makabati. Milango inatoka imebinuka kama mgongo wa kobe. Kazi yenyewe ni ya zahanati, na walisharudisha milango minne.

Karakana ina funguo mbili tu: wangu, na wa shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye tumefanya kazi pamoja miaka tisa. Hesabu hiyo hata asiyesoma anaiweza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaanza kumchunguza. Akinisalimia, nasikia kejeli. Akinyamaza, nasema huyo, kakosa la kusema. Siku moja akaniuliza, "Shemeji, milango inaendaje?" Ebo! Yaani mchawi ndiye wa kuuliza hali ya mgonjwa? Nilimjibu "salama" huku nimebana meno.

Nyumbani nikamwambia mke wangu wazi: nikimnasa kaka yako, anatoka, na ufunguo anaacha.

"Ukimfukuza kwa kosa lisilo lake," akasema, "mimi na wewe tutaishi humu kama wapangaji."

"Na likiwa lake?"

"Wewe ukikosa wa kumshuku, utashuku kivuli chako." Akaendelea kukunja nguo.

Jioni iliyofuata nikafunga uzi mwembamba kwenye mpini wa kukazia bledi. Asubuhi nikaukuta umekatika. Nikasema haya, za mwizi arobaini. Kesho yake nikadamka kabla ya kila mtu, nikajibanza nyuma ya mbao zilizoegemezwa ukutani, pua imejaa vumbi, chafya naizuia kwa nguvu zote.

Akaja. Kwanza akahakikisha plagi imechomolewa. Nikasema moyoni, hata mhalifu anavipenda vidole vyake. Akasafisha vumbi la mbao kwenye meno ya gia kwa brashi. Akapaka nta juu ya meza, akaifuta kwa kitambaa. Halafu akalegeza mpini, akatoa guniya yake mwenyewe, akaisogeza bledi.

"Nimekunasa!" Nikaruka, na chafya nayo ikatoka. "Mwizi wa riziki! Mchawi mkubwa wewe!" Nilipayuka mpaka fundi cherehani wa jirani na mama muuza mkaa wakaja kusimama mlangoni.

Shemeji hakukimbia. Alinitazama tu, amechoka.

"Lete guniya ya mzee," akasema.

"Usiiguse!"

"Basi ishike mwenyewe. Iegemeze kwenye ukingo wa ubao huu, umenyooka. Chora mstari. Sasa igeuze, ielekee upande wa pili, uchore mwingine palepale."

Nikachora. Guniya nzima huchora mstari uleule mara mbili. Yangu ilichora miwili, ikaanza pamoja chini, ikaachana, na juu ungeweza kupitisha njiti ya kiberiti katikati. Nikageuza tena, nikachora tena. Ikawa vilevile. Useremala wangu wote sijawahi kuipima! Kitu cha baba nikipime ili iweje?

"Ilianguka sakafuni siku ile tulipohamisha meza," akasema. "Tangu hapo imepinda. Mimi kila alfajiri nanyoosha bledi, wewe ukifika unaipindisha, mbao zinakatika mshazari, na ukiziunga zinabinuka."

"Sasa si ungeniambia?"

"Nilikwambia siku ya pili yake. Nilisema, shemeji, hebu tuipime hiyo guniya. Ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimwambia asimtukane baba yangu kaburini.

Fundi cherehani akakohoa, akaangalia viatu vyake. Shemeji akaweka ufunguo juu ya meza, akabeba sanduku lake la vifaa, akapita katikati yao. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni nilimwomba mke wangu anisindikize kwa kaka yake. Akakataa. "Mdomo uliomwita mchawi ndio uende," akasema.

Nikaenda peke yangu. Shemeji alinikaribisha vizuri, akanipa kiti na maji. Nikasema yote, bila kujitetea: nimekosa, nimekudhalilisha mbele za watu, na ulikuwa unanifichia aibu.

"Nimekusamehe, shemeji," akasema. "Kwa moyo mmoja kabisa."

Nikashusha pumzi. "Basi kesho tuonane kazini."

"Kazini sirudi."

"Si umesema umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Lakini siku milango ikibinuka tena, utamtazama nani kwanza?"

Nilifungua mdomo nimwapie. Akangoja, uso umetulia, akitaka kwa dhati nimwambie. Lakini najijua. Nikaufunga.