Mashuti Yaliyompandisha Bei Kijiti

Siku tuliyomzika mume wangu, waliosimama kumsifu walisema alikuwa mpole, mvumilivu, mtu wa moyo mweupe. Hakuna aliyesema alikuwa na wivu. Nauandika mimi niliyeishi nao nyumba moja, maana sitaki kumkumbuka nusu.

Alikuwa kipa wa kwanza wa klabu yetu na wa timu ya taifa. Walimwita Komeo. Karibu na mashindano ya mataifa alivunjika kidole mazoezini, nafasi yake akaichukua kipa wa akiba, Kijiti, kijana mwembamba ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kudaka. Kijiti akaokoa penalti mbili, timu ikafika nusu fainali. Kijana aliporudi, bei yake ilikuwa imepanda mara sita. Klabu kubwa ya ng'ambo, ileile iliyokuwa ikimuulizia Komeo mwaka uliotangulia, sasa ilimtaka Kijiti. Na ilihitaji kipa mmoja tu.

Nyumbani redio ikawa adui. Wakimtaja Kijiti, mume wangu anaizima.

"Bei, bei! Kwani ni nyanya yule?"

"Kula, chakula kinapoa."

"Nyanya zikipanda hivyo, ujue kesho zinaoza."

Wenzake nao hawakumhurumia. "Komeo, kidole chako kimemfaa mwenzio kuliko kilivyokufaa wewe!" Alicheka nao huko, akaja kuninunia mimi.

Kidole kilipopona, wajumbe wa klabu ile wakaja kutazama mazoezi. Mimi nilikuwa mfuaji wa jezi, na kamba zangu za kuanikia zilikuwa nyuma ya goli, kwa hiyo niliona yote. Kwa makipa, wa akiba ndiye humpigia wa kwanza mashuti ya kumpasha misuli. Miaka yote Kijiti ndiye aliyepiga. Asubuhi ile kocha akamwita Kijiti akae golini, kisha akamgeukia mume wangu. "Leo wewe piga."

Angeweza kumpigia mipira legelege, wageni wasione lolote la maana. Lakini wivu wake haukuwa na subira hiyo. Alipiga ili amwaibishe. Alipiga pembeni, alipiga juu, alipiga chini kushoto ambako alijua kijana ni mzito. Kijiti akaruka, akautoa mpira kwa ncha za vidole. Komeo akazidisha nguvu, na kadiri alivyozidisha ndivyo yule alivyozidi kuonekana ana mbawa. Wageni waliokuwa wakipiga soga wakanyamaza. Kisha wakaanza kupiga makofi.

"Komeo, taratibu!" kocha akapaza sauti. Wapi!

Siku hiyohiyo wageni wakakubaliana na klabu yetu kumnunua Kijiti, tena kwa bei ya juu kuliko ile ya redioni.

"Nimempigia mashuti ya kumzika mtu," mume wangu aliniambia, amekaa kitandani na viatu vyake vya matope. "Kumbe nawanadia wao bidhaa."

Siku ya safari Kijiti akaja kuaga. Komeo alipoona gari likisimama nje, akajifungia chumbani.

"Shemeji, kaka yupo?"

"Mwambie nimelala!" sauti ikatoka ndani.

"Kaka, aliyelala hajibu."

"Naota."

Kijiti akaegemea mlango. "Basi ota na hili. Lile shuti lako la mwisho, la chini kushoto, sikuliona. Niliruka tu."

Kisha mlango ukafunguka, mume wangu huyo na fulana yake ya ndani, uso umemchangamka kama mtu aliyeshinda kesi.

"Nilijua! Nilijua hukuliona! Unatanguliza mguu wa kulia, mjinga wewe. Huko watakufunga palepale kila wiki."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Na gari?"

"Litasubiri."

Akamvuta hadi uani, akamsimamisha mbele ya ukuta, akaanza kumtupia mpira chini kushoto. Kila alipokosea alimtukana, akamrudisha mguu mahali pake, akatupa tena. Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Kijiti aliondoka na suruali ya safari imejaa vumbi magotini, na hakutakiwa heri hata kwa neno moja.

Nikamuuliza mume wangu, "Sasa roho imetulia?"

"Haijatulia. Ile nafasi ilikuwa yangu." Akafuta jasho kwa fulana. "Lakini kwa kushoto hawamfungi tena, mshenzi yule."