Wapangaji wa Yuniti Namba Saba

Kwa miaka ishirini na tisa Labhubhai alifundisha watoto jambo moja kubwa na mengine mia madogo. Yale madogo waliyasahau wakifika darasa la nane: beti za Kisanskriti, majina ya miezi, namna ya kukalia mkeka bila kuelekeza nyayo madhabahuni. Lile kubwa halikusahaulika, maana alilirudia kila Jumamosi mpaka mate yakamkauka. Ram, Sita na Lakshman, miungu ya hekalu lile la Kihindu, walikuwa hai. Siku walipoingizwa, makuhani waliwasomea sala za kuwatia uhai, na aliye hai huamshwa, huogeshwa, hulishwa, na usiku hulazwa. Anayedhani ni mapambo ya dukani, na aende dukani.

Hekalu lenyewe, tuseme kweli, ungelipita mara tatu usilione. Lilikuwa yuniti namba saba katika safu ya maghala kule Malvern, Toronto, kushoto fundi wa magari, kulia wauza vigae vya bafuni. Miungu yake ilikuwa ya shaba, mirefu kuliko chupa ya soda kidogo tu, na hekalu halikuwa na mingine ila Hanuman, mlinzi wao. Lakini vitanda vyao vilikuwa na magodoro. Walikuwa na blanketi za sufu, hita ya umeme kwa ajili ya Januari, bilauri ya maji wasije wakaamka na kiu, na chandarua. Chandarua alikishona Labhubhai kwa mkono wake. Yeye ni mtu wa Tabora, na mtu wa Tabora hamlazi mgeni bila chandarua, hata kama nje theluji imefika magotini na mbu wa mwisho alikufa Septemba.

Aliyemleta kwa gari ni Roshanali, Mwismailia, rafiki yake tangu shule ya msingi huko huko Tabora. Macho ya Labhubhai yalikuwa yamemnyima leseni. Roshanali alikaa karibu na rafu ya viatu akinywa chai, na kwa miaka yote hiyo ya kusubiri alikuwa amekariri beti kuliko watoto wenyewe. Mtoto akikwama, yeye humnong'onezea, kisha jioni huenda zake jamatkhana, kusali na Waismailia wenzake, kama kawaida.

Siri moja Labhubhai hakumwambia hata Roshanali. Tangu mkewe Jashvanti afariki, miaka sita sasa, alikuwa akiwalaza miungu kwa mikono tu. Moyo haukuwemo. Alifunika blanketi kama mtu anayefunika sufuria, akazima taa, akarudi Crescent Town, ghorofa ya kumi na nne, kwenye nyumba isiyo na pumzi nyingine ila yake. Kila jioni binti yake Bhavini alipiga simu kutoka Calgary na kuuliza, "Bapuji, uko peke yako?" Naye hujibu, "Niko na nani tena?" Hapo Bhavini huanza habari ya makao ya wazee yenye bustani na muuguzi, na Labhubhai hupandwa na hasira mpaka chai imwingie puani.

Basi Jumamosi moja ya Februari akaja mkaguzi wa majengo. Alikuwa mama mnene mpole, jina lake Clementina, na ubao wa kuandikia kifuani. Alikagua milango, akakagua mitungi ya kuzimia moto, kisha akauliza swali ambalo huuliza kila ghala tangu aanze kazi.

"Kuna mtu yeyote anayelala humu ndani?"

"Hakuna," alisema Dhaval, mwenyekiti wa kamati, kijana wa kuuza nyumba Brampton, mwenye tabasamu la kuuza nyumba.

Mkono mdogo ukapanda juu. Hetvi, miaka tisa, mwanafunzi hodari wa darasa, alikuwa amefundishwa kwamba mtu mzima akikosea hatukanwi, hurekebishwa kwa adabu.

"Wapo watatu," alisema Hetvi. "Wanalala mchana kuanzia saa sita mpaka saa kumi, na tena saa mbili usiku mpaka asubuhi. Wa nne halali, anawalinda."

Clementina akaomba kuonyeshwa. Ndugu yangu, aliona hita. Aliona blanketi, bilauri ya maji, na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Hapa panalalwa," alisema, akaandika.

"Lakini hao ni sanamu tu!" Dhaval alifoka.

Watoto kumi na mmoja wakavuta pumzi kwa pamoja. Kisha wote wakamgeukia Guruji wao, kwa macho ambayo hakuna mwalimu anayeyapenda.

"Roshanbhai," Labhubhai alinong'ona kwa Kiswahili, lugha yao ya mambo magumu, "nifanye nini?"

"Njia ya mwongo ni fupi," Roshanali alimjibu. "Lakini ya mkweli nayo naona inaishia ukutani."

Clementina akainua uso. "Tiens! Munasema Kiswahili? Mimi ni mutu wa Bukavu." Akasogea karibu, sauti ikalegea. "Papa, usinikasirikie. Mimi naandika tu kile macho yangu inaona. Hii ni nyumba ya kazi, haiko ya kulala. Kwa karatasi, muangalizi wa jengo ni wewe. Kama hawa haiko watu, tia sahihi hapa, mambo yaishe. Kama ni watu, kwa siku saba wapate pa kulala, ao tunafunga yote. Na masomo ya watoto pia."

Karatasi ilikuwa na mstari mmoja tu wenye maana: mimi niliyetia sahihi nathibitisha kwamba waliotajwa hapo juu hawana uhai. Na juu, kwa mwandiko safi wa Clementina, walikuwa wametajwa: Ram, Sita, Lakshman.

Siku sita karatasi ilikaa juu ya friji ya Labhubhai. Dhaval alipiga simu asubuhi, mchana na jioni. Ni wino tu, alisema. Mungu anajua maana yako. Labhubhai alichukua kalamu, akairudisha. Alijua kinachomtisha, na hakikuwa kusema uongo. Kilichomtisha ni kwamba pengine ingekuwa kweli, kwamba kwa miaka sita alikuwa akifunika shaba blanketi, na sahihi ingekuwa maneno yake ya kwanza ya kweli tangu Jashvanti aondoke.

Jumamosi ya pili Clementina alirudi. Watoto walikuwa mkekani tayari, na Hetvi alikuwa ametengwa mwisho wa safu, maana wenzake walishampa jina: aliyefunga hekalu. Macho yake yalikuwa mekundu. Labhubhai alifungua kifuniko cha kalamu.

Hetvi akasimama. "Guruji," alisema, "naweza kumwambia kwamba nilidanganya. Nitasema hawalali. Nitasema niliota tu."

Kalamu ikasimama hewani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alikuwa amemlea kwa miaka minne asiseme uongo hata wa biskuti. Leo alikuwa tayari kuutupa ukweli ili amwokoe yeye, mzee mzima, asiyejua hata kama ukweli huo bado ni wake. Aibu ilimpanda Labhubhai kutoka visigino mpaka masikioni.

"Keti, mwanangu," alisema. "Hukudanganya. Wanalala. Lakshman hata hujigeuza." Kisha akamgeukia Clementina. "Mama, sitii sahihi. Watalala kwangu."

Dhaval alishika kichwa. Clementina alishika kalamu.

"Uko na chumba?"

"Ninacho."

"Bon. Basi usiku walale kwako, asubuhi wakuje kazini, sawa na watu wote wa Toronto. Na ule usingizi wa mchana?" Aliwaza. "Kusinzia kazini haiko kosa la jengo. Hata mimi nasinzia. Na huyu wa nne?"

"Hanuman. Yeye hafumbi macho."

"Hata kidogo?"

"Tangu enzi na enzi."

Clementina aliandika: mlinzi wa usiku, mmoja, macho. Sheria inaruhusu. Kisha, kabla ya kuondoka, mama wa watu alimwinamia Hanuman kidogo, kama anavyoinamiwa askari wa getini ambaye huenda ukamhitaji kesho.

Jioni ile miungu ilifungwa mikanda kiti cha nyuma. Roshanali, aliyeendesha kwa mwendo wa gari la maiti ili Sita asitikisike, alitazama ile njia iliyotengewa magari yenye watu watatu au zaidi na macho yakamwaka.

"Tuko watano humu," alisema. "Tunastahili."

"Endesha gari, Roshanbhai."

"Nasema tu. Mama ameshaandika ni watu."

Kwenye lifti ya Crescent Town jirani mmoja aliwatazama wazee wawili waliobeba vitanda vitatu vya wanasesere na hita, akaamua kupanda ngazi. Ndani, Labhubhai alisimama kwenye mlango wa chumba chake cha kulala. Kitanda kilikuwa kipana, na kwa miaka sita alikuwa akilala ukingoni, upande wake, kama vile upande wa pili una mwenyewe. Hapo ndipo alipoviweka vile vitanda. Akamlaza Ram, akamlaza Sita, akamlaza Lakshman. Akachomeka chandarua. Na alipovuta blanketi, mkono ulikawia, kwa sababu Jashvanti naye alikuwa akilala akiacha mguu nje, na kila usiku yeye alikuwa akimfunika. Machozi yalimtoka, mengi, na hakujitaabisha kuyafuta.

Alipotoka sebuleni alimkuta Roshanali amevua viatu na kuvishika mkononi. Mzee yule, ambaye sauti yake husikika ghorofa ya tisa, alikuwa akinong'ona.

"Washalala?"

"Washalala."

"Basi nisiwaamshe. Nachelewa jamatkhana." Akafunga mlango taratibu mno, akishika kitasa mpaka mwisho.

Labhubhai alitandika shuka kwenye kochi. Simu ikalia, akairukia kabla haijalia mara ya pili.

"Bapuji!" Bhavini alisema kwa sauti yake ya Calgary, sauti ya kuvuka mbuga tatu. "Uko peke yako?"

"Sema polepole, mwanangu," alinong'ona Labhubhai, akitazama mlango wa chumba. "Kuna watu wamelala."