Maji ya Kisogoni

Madino alikuwa akipima maziwa ya ngamia sokoni Garissa pale ngamia wa mchungaji Ogle, waliokuwa wakipelekwa mto Tana kunywa, walipoacha njia na kuja kupiga magoti kumzunguka binti yake Madino, Ikran. Mmoja mmoja walimnusa kisogo.

"Walaal, dada yangu, wamenusa maji," Ogle akasema kwa kuomba radhi. "Wacha wapumzike kidogo."

Madino akasogeza madumu yake. Ikran alikuwa na miaka sita. Tangu mfungo uishe alikuwa akiamka na maumivu ya kichwa, akitapika, akitembea huku anayumba.

Hospitalini, Daktari Abdihafid aliomba ngamia wabaki nje ya lango, kisha akamwonyesha Madino picha ya kichwa.

"Hili ni shina la ubongo. Limezungukwa na mifuko ya maji safi kuliko ya Tana, yanalikinga lisigonge mfupa. Maji hutengenezwa ndani, yakatokea mlango huu wa nyuma kuingia mifukoni. Mlango wa Ikran umeziba. Yanajaa ndani, yanalikandamiza shina, na pumzi yake inaongozwa hapo. Huku hatuna wa kuufungua. Mpeleke Nairobi leo hii, hooyo, mama yangu."

Darajani, polisi waliteremsha abiria wote wa basi. Madino hakuwa na kipande, kitambulisho cha raia. Alizaliwa Garissa, kama mama yake. Lakini mwaka mmoja wa ukame, angali mtoto, mama yake alimpeleka kambini Dadaab akaandikishwa mkimbizi kwa alama za vidole, wapate unga. Serikali haijavisahau vidole vyake mpaka leo.

"Afande, mtoto anakufa."

"Naona, mama. Hata hao ngamia waliowafuata nimewaona. Lakini mkimbizi havuki bila kibali."

Ikran alikata roho kando ya kizuizi, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, Tana ikipita chini yao. Madino alilia mpaka sauti ikamkauka. Kilichomuuma zaidi ni kuona ng'ambo ilivyo karibu.

Walimzika kabla ya magharibi. Asubuhi, upande wa kichwa, kaburi lilitoa maji maangavu. Shekhe aliulizwa, akasema ni halali kunywa. Ogle akaleta ngamia wake. Madino hukaa hapo kila siku, mkono majini, kwa kuwa yana joto la kichwa cha mwanawe.

Polisi wa darajani nao huja na madumu, maana maji ya Tana yana tope. Humsalimu vizuri, humpa pole, kisha hurudi kazini. Jana walimteremsha mama mwingine, mtoto mgongoni. Pale kaburini ngamia wakaacha kunywa, wakainua shingo wakinusa, wakaanza kuelekea darajani.