Jumamosi Bila Dawa

Kila Jumamosi ya msimu wa viazi, Mzee Pampu alipiga shamba lake dawa ya ukungu, na kila Jumamosi mkewe alifunga mzigo akaenda kulala kwa kaka yake. Kifua chake hakikuivumilia harufu ya dawa ile, nayo ilimganda mumewe nywelini hata aoge mpaka sabuni iishe. Msimu huu mkewe akasema basi.

"Nimechoka kuwa mgeni wa watu, baba watoto. Nikiondoka tena, sirudi mpaka uvune."

Kuacha dawa mzee asingeweza: ukungu uliwahi kumfagilia shamba zima, majani yakawa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Aliyemwokoa safari hii ni bibi shamba. Alisimika kifaa cha kupima joto na unyevu pembeni mwa shamba, kikawa kinamtumia mzee ujumbe kwenye simu: hatari ipo, au haipo.

"Ukungu haujui Jumamosi, mzee wangu," alimwambia. "Unataka majani yaliyolowa kwa muda mrefu. Kukiwa kukavu, unamwaga dawa bure."

Jumamosi ikafika, simu ikasema usipige. Mzee alishinda akipekua majani, roho juu, pampu tupu mgongoni kwa mazoea tu. Mkewe alimchungulia dirishani akacheka hadi akapaliwa.

Jumamosi iliyofuata, usipige tena. Mama akapika jikoni kwake, akalala kitandani kwake. Mzee, ambaye kusifu hakukuwa fani yake, akasema nyumba imechangamka.

Kisha asubuhi moja ya jua kali simu ikalia: siku za mvua na unyevu zinakuja, piga leo. Mkewe akaanza kukunja nguo.

"Ziache hizo," mzee akasema. "Leo nahama mimi."

Akapiga dawa, akaenda na harufu yake kwa shemeji, aliyemkaribisha kwa kufungua madirisha yote. Mzee akakaa ukingoni mwa kochi. Akaomba maji kwa adabu. Akasema ameshiba, na njaa inamuuma. Miguu yenyewe hakujua aiweke wapi.

Jioni akampigia mkewe.

"Mama watoto, hivi wewe hapa ulikuwa unakaaje?"

Akamsikia anapenga kamasi.

"Miaka yote hiyo," mkewe akasema, "nilikuwa nangoja uniulize."